Dada wa miamala wa Mkata na kiti cha bosi kisichokaliwa

Kuna msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina naliweka mfukoni, hivi karibuni alitupia picha za studio yake mpya. Taa za rangi, spika kubwa, mapambo ukutani, na katikati kiti. Kiti chenyewe cheusi na chekundu, mgongo umepanda mpaka juu ya kichwa, kina mabawa pembeni kama kiti cha gari la mashindano. Basi watu wakaisahau studio, stori ikawa kiti. Mmoja anasema ni milioni mbili. Mwingine anasema Kariakoo unakipata kwa laki tatu ukijua kuongea. Wa tatu anauliza kama kina masaji.

Mimi nilizitazama zile picha kwa jicho la mtu aliyemaliza miezi anatafuta kiti. Nikaona kitu kimoja: hakuna picha ambayo jamaa amekiegemea. Zote amekaa ukingoni, kainamia kompyuta, mgongo wake na mgongo wa kiti vimeachana kama majirani waliogombana. Yale mabawa yametoka kwenye viti vya magari ya mashindano, kazi yake ni kumshika dereva asitupwe huku na huku kwenye kona. Sasa mezani kuna kona gani? Kona tulikuwa nazo Wami ya zamani, na hata zile tumeshajengewa daraja jipya.

Simsemi vibaya. Hela yake, kiti chake. Ila picha zile zilinipa hamu ya kuandika stori ya kiti kingine, cha huku kwetu Mkata. Nasema Mkata ya Handeni, pale njia ya kwenda Handeni mjini inapoiacha barabara kuu ya Chalinze na Segera, siyo ile ya upande wa Mikumi.

Mwenye kiti ni nani?

Kiswahili kimeshatuchongea siku nyingi. Kiongozi wa kikoba, wa kijiji, wa chama, wa bodi, wote tunawaita mwenyekiti. Yaani mwenye kiti. Sisi wengine ni wajumbe, na mjumbe anakaa popote patakapopatikana.

Ukienda Pwani, kuanzia Lamu mpaka Zanzibar, nyumba za wenye nazo zilikuwa na kiti cha enzi. Mpingo mtupu, nakshi za pembe za ndovu au mifupa, kamba zilizosukwa, mgongo umesimama wima kama ukuta, na pa kuwekea miguu juu. Vingine vipo makumbusho hadi leo. Kiti kile hakikutengenezwa ili mtu afanyie kazi. Kilitengenezwa ili mgeni wa heshima akae na aonekane amekaa.

Lakini nyuma ya nyumba, jikoni, kulikuwa na kiti kingine ambacho hakuna mtu aliyekipigia picha: mbuzi ya kukunia nazi. Hiyo ndiyo ilikuwa kiti cha kazi. Urefu wake, upana wake, na pale ulimi wa chuma unapotokezea, vyote vimepangwa kwa ajili ya mikono inayokuna. Sisemi ni raha kwa mgongo, muulize bibi yako. Nasema aliyeibuni aliianza kazi kwanza, kiti kikafuata.

Shida ya ofisi zetu nyingi ni kwamba tunanunua kiti cha enzi, halafu tunakiita kiti cha kazi. Na anayepewa ni yule anayekaa kidogo kuliko wote.

Saa 13 kwenye plastiki

Duka ninalofanyia kazi ni steshenari ya kawaida. Mimi nachapa barua, naskani vyeti, nawajazia watu fomu za ajira na za mikopo ya chuo, natengeneza kadi za harusi na vipeperushi. Upande wa pili wa kaunta hiyo hiyo kuna dada wa miamala: kuweka, kutoa, luku, vocha. Simtaji jina, amenipa ruhusa ya kuandika kwa sharti hilo. Ana miaka ishirini na kitu, ana mtoto mmoja, na ana kichwa cha hesabu ambacho mashine yenyewe inaomba msaada.

Anafungua saa 1 asubuhi, anafunga saa 2 usiku. Mkata ni mji wa njiani. Basi likisimama, abiria wanashuka kwa mpigo, kila mmoja ana haraka, dereva anapiga honi, huyu anataka kutoa, yule ametuma hela kwa namba isiyo yake anataka irudi sasa hivi. Hapo kunyanyuka hakupo. Basi likiondoka wanakuja wa hapa hapa, nao wana yao.

Muda wote huo yuko kwenye kiti cha plastiki. Na kiti cha plastiki tukitendee haki, hakijatukosea. Kile cha mikono, cha kipande kimoja, tunachokalia misibani na harusini, kinatokana na kiti alichokitoa Mfaransa Henry Massonnet mwaka 1972, kilichoumbwa kiwandani kwa muda usiofika dakika mbili. Kilikusudiwa bustanini. Ndiyo maana sehemu ya kukalia imelala kurudi nyuma: ujiachie, uegemee, unywe soda, upige stori. Ukikipeleka kwenye kaunta, kinakuvuta nyuma huku kazi inakuita mbele. Unaishia kukunjika katikati kama karatasi iliyokwama kwenye printa.

Figo, mchango, au sindano ya mgongo

Maumivu yake yalianza kama uchovu. Jioni anashika kiuno, asubuhi yameisha. Baadaye asubuhi yapo pia. Ikafika mahali anahesabu hela amesimama kwa mguu mmoja, mwingine kaupandisha kwenye boksi la karatasi.

Na unajua watu wetu, kila mmoja ni daktari. Wa kwanza akasema figo, kunywa maji. Wa pili akasema mchango, akaleta mizizi kwenye chupa ya maji. Wa tatu akasema ni ile sindano ya mgongo aliyochomwa siku ya kujifungua, hiyo haiponi. Duka la dawa akapewa diklo ya kupaka na ya kumeza. Anapaka, anapata nafuu ya siku mbili, anarudi pale pale kwenye plastiki.

Siku moja akaniambia, "Kaka, nikiacha hii kazi tutakula nini? Nisipoiacha, huyu mtoto nitambeba na mgongo gani?" Sikuwa na jibu. Mtoto wake alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na jioni dada alikuwa anambebesha mdogo wake kwa sababu yeye akiinama hanyanyuki.

Akaenda hospitali. Wakapima mkojo, figo hazina neno. Akapelekwa kwa mtaalamu wa viungo, kijana mpole, akamuuliza maswali matatu: unakalia nini, kwa saa ngapi, na unanyanyuka mara ngapi? Dada anasema alipojibu la tatu, yule kijana aliweka kalamu chini.

Alichomweleza nitakiandika kwa lugha yangu. Ukisimama, mgongo wako pale kiunoni una mkunjo mdogo unaoingia ndani, kama mgongo wa chungwa upande wa ndani. Ukikaa na kukunja mapaja, nyonga zinazunguka kurudi nyuma na ule mkunjo unalala, unakuwa bapa. Hili si jambo jipya. Mwaka 1953 daktari wa Marekani, J. J. Keegan, alionyesha kwa picha za eksirei jinsi mkunjo huo unavyobadilika kadiri mtu anavyokaa. Ukiongeza kuinama, misuli na pingili za kiuno zinabeba mzigo kwa saa nyingi bila kupumzika. Egemeo la kiuno kwenye kiti kizuri kazi yake ni hiyo tu: kuujaza ule uwazi, mkunjo usilale.

Akamwambia pia asiogope, maumivu ya kiuno ni ya watu wengi mno. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa nayo, na ifikapo 2050 watafika milioni 843. Mengi yanatulia. Ila akampa mambo ya kutochezea: miguu ikifa ganzi au kukosa nguvu, mkojo au haja ikishindwa kuzuilika au ikagoma kutoka, ganzi sehemu za siri, homa, au maumivu baada ya kuanguka. Hapo usitafute kiti wala mizizi, kimbia hospitali siku hiyo hiyo. Hii nakuomba uikumbuke hata kama mengine yote utayasahau.

Ushauri wa bure wa dereva wa lori

Kitu cha kwanza kilichomsaidia hakikugharimu hata mia. Kuna mzee dereva wa lori, anapita sana akielekea Arusha, akisimama Mkata lazima atoe hela ya chakula. Akamkuta dada amekunja khanga ameiweka nyuma ya mabega.

"Mwanangu, hiyo umeiweka kwenye mabega. Ishushe. Usawa wa mkanda wa suruali."

"Mkanda sina, babu."

"Basi pale unapofungia khanga."

Yule mzee amekaa kwenye usukani miaka mingi kuliko umri wetu. Akatuambia lori lake la sasa kiti chake kinajazwa upepo kiunoni, unaongeza na kupunguza mwenyewe, lakini enzi zake za magari ya zamani alikuwa anaviringisha taulo na kulifunga kwa kamba ya katani kwenye kiti. Dada akaviringisha khanga, akaishusha. Siku hiyo alifunga duka bila kushika kiuno. Haikuwa dawa, ilikuwa inateleza kila akigeuka, ila ilituonyesha tunachotafuta kiko wapi. Kiko usawa wa mkanda, siyo usawa wa kichwa.

Tunakijaribu kiti cha bosi

Sasa dukani kwetu, kwenye kona ya nyuma, kuna kiti cha bosi. Cheusi, ngozi ya bandia, mgongo mrefu, mikono minene, matairi matano. Mama mwenye duka alikinunua pamoja na meza ya kioo. Nailoni ya dukani bado ipo kwenye mikono mpaka leo. Mama anakuja Jumamosi, anakikalia kama saa moja akipiga hesabu, anaondoka. Siku nyingine sita kinakalia vumbi.

Dada akajipa moyo, Jumamosi moja akaomba. Alianza kwa adabu zote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mgongo unaendeleaje?"

"Ndiyo nataka kusema, mama. Naomba siku ambazo haupo nikalie kile kiti cha nyuma."

Mama akakitazama kiti, akamtazama dada. "Sasa wateja wakikuona umekaa kwenye kiti changu, watajua nani mwenye duka?"

Msicheke. Mama siyo mtu mbaya. Ndiye aliyempa nauli ya hospitali. Ila kichwani mwake kiti kile ni kibao cha jina, na huwezi kumwazima mfanyakazi kibao cha jina lako. Baada ya kimya kirefu akakubali, kwa sharti nailoni isitolewe.

Tukakisukuma mpaka kaunta. Wadau, kile kiti hakikuwa kinafaa. Sehemu ya kukalia ni ndefu sana, dada akirudi mpaka nyuma magoti yanabaki juu ya kiti na miguu inaning'inia. Akisogea mbele ili miguu iguse chini, mgongo unabaki hewani. Ile sehemu iliyotuna, ambayo ingemshika kiunoni, ilikuwa inamsukuma mabegani. Mikono ya kiti inagonga kaunta, hawezi kusogea karibu, kwa hiyo anainama zaidi ya mwanzo. Na ngozi ya bandia kwa joto la huku, baada ya saa moja nguo imemganda mgongoni.

Siku tatu, akarudi kwenye plastiki na khanga yake. Kile kiti tulichokuwa tunakionea wivu miaka miwili kilikuwa hakimfai yeye, na nikiangalia vizuri hata mama hakimfai. Ndiyo maana akikikalia anakaa ukingoni, kama yule msanii wetu.

Kukitafuta kile chenyewe

Hapo ndipo nikaingia mtandaoni. Nikakutana na kiti wanachokisifia wenzetu, Aeron, kilichotolewa na kampuni ya Herman Miller ya Marekani mwaka 1994. Waliokibuni, Bill Stumpf na Don Chadwick, walikuwa wamewahi kushughulika na viti vya wazee, watu wanaokaa muda mrefu. Wakaondoa sponji na ngozi, wakaweka wavu unaopitisha hewa, na wakakitoa kwa saizi tatu. Nilipenda hilo la saizi. Kiatu unauliza namba, suruali unauliza namba, kiti unanunua tu kwa sababu ni kikubwa. Ila hata kile baadaye kikawa kiti cha enzi: kampuni za intaneti za Marekani zikakinunua kwa fujo kuonyesha zimefika, na zilipofilisika mwanzoni mwa miaka ya 2000 viti vikauzwa kwa jumla kama mitumba.

Neno mitumba ndilo lililonifungua macho. Kipya cha aina hiyo ni zaidi ya dola elfu moja, hiyo tusiizungumzie. Lakini Dar kuna watu wanauza samani za ofisi zilizotumika, na kiti kizuri kilichotumika kinakushika kuliko kibovu kilichopambwa. Nikaanza kuchati na wauzaji. Wote wanatuma picha ya mbele, kiti kimepigwa taa kinang'aa. Mimi naomba ya pembeni. Mmoja akaniuliza kama nataka kukioa.

Picha ya pembeni ndiyo inayosema ukweli, ndipo unapoona kama mgongo wa kiti una mkunjo na umekaa usawa gani. Baada ya kusumbua watu wiki mbili, hivi ndivyo vitu tulivyokuwa tunauliza. Chukua, ni bure.

Kwanza, je, kinapanda na kushuka, na kikipanda kinabaki? Mtungi wa gesi ukichoka, unakaa juu saa 3 asubuhi, saa 4 uko chini kama mtoto mezani kwa wakubwa. Mwambie muuzaji akikalie kwa nusu saa, aangalie kama kimeshuka.

Pili, egemeo la kiuno linasogea juu na chini? Watu hatulingani. Kilichotuna usawa wa kiuno cha mrefu kinamchoma mfupi kwenye mbavu.

Tatu, urefu wa pale unapokalia. Kaa mpaka mgongo uguse nyuma, halafu pima uwazi kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Vidole viwili vitatu vipite. Visipopita, kiti ni cha mtu mwingine.

Nne, mikono ya kiti ishuke au itoke, iingie chini ya meza yako. Pima meza kabla ya kununua kiti.

Tano, matairi yote matano yapo, na msingi wa chini hauna ufa. Hapo usione aibu, kigeuze juu chini.

Tulikipata cha wavu, cheusi, kimepauka kidogo, egemeo la kiuno linapanda na kushuka kwa mkono. Muuzaji alianzia 220,000, tukamalizia 160,000, na elfu kumi ya kukipakia kwenye buti la basi. Kilishuka Mkata saa 9 alasiri kimefungwa kamba kama mbuzi wa Idi, watoto wakakisukuma kwa zamu mpaka dukani.

Kiti peke yake hakitoshi

Siku ya kwanza, kilio kipya. Kaunta yetu imejengwa kwa ajili ya mtu aliyesimama. Dada akipandisha kiti mikono ifike vizuri, miguu inaning'inia. Akikishusha, mabega yanapanda masikioni. Fundi seremala wa jirani akatupigia kibao cha kuwekea miguu kwa mabaki ya mbao, chenye mlalo kidogo. Nilipokiona nikacheka. Kiti cha enzi cha mababu nacho kilikuwa na pa kuwekea miguu, kumbe hilo moja walilipatia.

Kitu cha mwisho alichosisitiza yule kijana wa hospitali ni kwamba hakuna kiti kitakachokuokoa ukikikalia saa nne mfululizo. Kwa hiyo tukahamisha daftari la floti na chupa ya maji, vikae kwenye rafu ya upande wa pili. Kila akimaliza kundi la abiria, lazima anyanyuke kuandika. Analalamika kwamba nimemfanya mtumwa wa daftari, ila ananyanyuka.

Miezi minne sasa. Sitakudanganya kwamba amepona kabisa. Mwisho wa mwezi, foleni ikiwa ndefu, bado anashika kiuno. Lakini diklo imebaki kwenye droo mpaka mfuniko umekauka, na jioni mtoto anambeba mwenyewe.

Nani alipe?

Hapa ndipo pananikera, na nitalisema. Ile 170,000 aliilipa yeye. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, na hela ile ilikuwa na kazi nyingine, mabati mawili matatu ya chumba anachojenga kwao. Mama alisema biashara ngumu, labda baadaye.

Sasa sikia. Tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, na jukumu la mahali pa kazi pasipomuumiza mtu inamtwisha mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano apate mapumziko ya angalau dakika 60. Ukihesabu saa 13 mara siku sita, unapata jibu mwenyewe.

Na wala si sisi tu. Uingereza, mwaka 1899, walilazimika kutunga sheria kwamba duka liwe na angalau kiti kimoja kwa kila wahudumu watatu wa kike, maana walikuwa wanasimamishwa kutwa nzima. Kerala kule India, mwaka 2018, wauzaji wa kike wa madukani walipigania mpaka sheria ikawapa haki ya kukaa kazini, na Tamil Nadu ikafuata mwaka 2021. Ukiangalia hizo stori zote, ugomvi haukuwa mbao wala sponji. Ugomvi ulikuwa nani anaruhusiwa kukaa mbele ya nani.

Ndiyo maana nasema mgongo wa mfanyakazi ni sehemu ya mtaji wa duka, kama printa. Printa ikigoma, fundi anaitwa siku hiyo hiyo. Mgongo ukigoma, tunaambiwa tunywe maji.

Wageni wanaletewa kile kikubwa

Kwenye daftari la duka tuliandika, na mama akasaini: kiti cha wavu ni mali ya dada, akihama anahama nacho. Mama alisaini akicheka, ila alisaini. Wiki iliyofuata aliniuliza, kama utani, kiti kama kile kwa mtu wa unene wake kinapatikana? Nikamwambia atume kipimo cha goti.

Mwanzoni tatizo lilikuwa wageni. Akija mzee wa heshima, mwalimu mkuu au mtu wa ofisini, lazima atajitokeza mtu aseme, "Mpishe mzee akae." Na dada alikuwa ananyanyuka, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni anashusha kiti, anageuza egemeo, anazunguka nacho kama mtoto, akiondoka dada anaanza kupanga upya.

Siku hizi kuna utaratibu. Mgeni akiingia, mimi nakisukuma kile cha bosi kutoka kona ya nyuma, nafuta vumbi, nasema karibu mzee. Mgeni anaangalia ule mgongo mrefu na ile nailoni, anakaa, uso unang'aa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuomba cha wavu akionyeshwa kile. Anakaa dakika kumi, anapata vyeti vyake, anaondoka ameheshimiwa. Nadhani hatimaye kile kiti kimepata kazi yake.

Na dada anaendelea na miamala, miguu kwenye kibao, kiuno kimeshikwa. Vijana wa bodaboda hapo nje wamembatiza jina, wanaita kwa sauti mpaka ng'ambo ya barabara: "Mwenyekiti, nitolee elfu kumi!" Abiria wa mabasi wanadhani ni wa kikoba.

Haya, na wewe unayesoma hapo umejikunja na simu: kazini kwenu kiti kizuri kiko wapi, na nani anakikalia?